Wakati Tunasubiri Ufunguo wa Tatu

Maneno haya niliyasema Temeke, Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, siku kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipovunja mzunguko wake wa mwaka. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Makofi nimeyaacha, na vicheko pia, kwa kuwa vingine vilikuwa vya kunicheka mimi.

Mama mwenyekiti, mama mweka hazina, katibu wetu, wanakikundi wenzangu, mashemeji mliokuja kuwasindikiza wake zenu huku macho yenu yako kwenye sanduku, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Kikundi oyee!

Hiyo oyee ni ya watu wenye njaa, lakini nimeipokea.

Niseme ukweli mapema: mimi simo kwenye ratiba. Ratiba aliyoiandika katibu ina dua, ina taarifa ya mapato, ina kufungua sanduku, ina pilau. Jina langu halipo. Nimeitwa sasa hivi nikiwa nimekaa zangu pale chini ya mwembe, baada ya kugundulika kwamba sanduku lina kufuli tatu na funguo zilizofika ni mbili. Mama mwenyekiti kanishika mkono akaniambia, "Baba, wewe unauza magazeti, huishiwi maneno. Waongeleshe watu." Kwa hiyo msinihesabu mgeni rasmi. Mimi ni kiraka.

Mshika ufunguo wa tatu mnamjua. Simtaji. Nitasema tu kwamba ni mtu wa Msimbazi, shabiki wa Simba kama mimi, na tangu Jumatano usiku, Yanga walipotufunga, hajaonekana mtaani. Jana nimemuulizia kwake, nimeambiwa yuko ndani, ana mafua. Mafua ya bao mbili hayo! Hata mimi yamenishika, ila mimi riziki yangu iko barabarani, siwezi kulala nayo.

Kwa wageni ambao hamnijui, meza yangu iko pale kituoni. Mzigo nauchukua alfajiri, na daladala za kwanza zinapoanza kuita abiria mimi nimeshatandika. Nina kamba mbili na vibanio vya nguo, na juu ya meza kila gazeti lina kijiwe chake, maana upepo wa asubuhi haununui, unachukua. Kushoto naweka ya siasa. Katikati ya michezo. Kulia yalikuwa yanakaa ya udaku, ambayo siku hizi simu imeyala karibu yote, yamebaki mawili matatu kama meno ya babu.

Wateja wangu ni wa aina mbili: wanaonunua na wanaoinama. Wanaoinama ndio wengi. Na mimi nimejifunza kuwaheshimu kwa kukunja gazeti mahali maalumu. Kichwa cha habari kinasema "SIMBA YAMNASA", halafu hapo ndipo mkunjo ulipo. Nani kanaswa, yuko upande wa chini. Utamwona mtu mzima na tai yake anainama, anageuza shingo kama kuku aliyesikia mwewe, anapiga goti kabisa, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nami nimeshaangalia, amevaa makubazi. Yupo mzee mmoja mstaafu, kila siku anasoma meza yote kutoka kushoto kwenda kulia bila kugusa kitu, mikono ameifunga nyuma, akimaliza ananiaga kwa adabu: "Asante mwanangu, leo hakuna kitu."

Simu ya nani hiyo? Mweka hazina, andika. Elfu moja.

Sasa, miaka yote hii nimekuwa nikipanga meza kwa safu tatu. Mwaka huu nimeshindwa. Sijui kipi kikae wapi. Habari ya siasa nikiisoma naona ina usajili ndani. Habari ya mpira ina mkutano mkuu, ina katiba, ina tamko. Ya msanii ina jimbo. Nikadhani ni umri, macho yananichanganya. Lakini hata Serikali imeona hivyohivyo: kuna wizara moja inaitwa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo. Meza yangu nzima hiyo, wameipa waziri mmoja! Na naibu wake ni nani? Hamis Mwinjuma. Mkilisikia jina hilo baadhi yenu mnakunja uso, lakini nikisema MwanaFA wote mnatikisa kichwa. Tumemsikia redioni akichana, mwaka 2020 Muheza wakampa ubunge, leo akisimama Dodoma kujibu swali la uwanja wa mpira, mimi niliyeko mezani namuweka safu gani? Mtu mmoja ana kurasa tatu.

Na si wa kwanza. Kapteni John Komba aliimba na kikundi cha TOT mpaka akaingia bungeni. Sugu, Mbeya wakampeleka mwaka 2010. Profesa Jay, Mikumi, 2015. Babu Tale, aliyekuwa nyuma ya mambo ya Diamond, naye mbunge. Upande wa mpira vilevile: Ismail Aden Rage alikuwa mwenyekiti wa Simba na mbunge wa Tabora Mjini kwa wakati mmoja. Mo Dewji aliwakilisha Singida Mjini kutoka 2005 hadi 2015, na pesa zake tukazijua zaidi Msimbazi. Tarimba Abbas ameongoza Yanga, baadaye Kinondoni. Sisemi ni vibaya. Mtu akishazoea kupigiwa kelele na mashabiki elfu sitini, kelele za wapiga kura ni mvua ya rasharasha.

Turudi Jumatano. Najua inauma, lakini daktari anaanzia palipovimba.

Mechi ile ya Simba na Yanga ilikuwa ichezwe tarehe 8 Machi. Usiku wa kuamkia, timu yetu imekwenda uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi, wakasema wamezuiwa kuingia, tukatangaza hatuchezi. Ikaahirishwa. Wenzetu wa Jangwani, Yanga, wakasema basi tupeni pointi zetu tatu, na mechi hiyo ikipangwa tena hatuendi. Wakafika mpaka mahakama ya michezo kule Uswisi. Kule wakaambiwa rudini mkaanze na ngazi za kwenu. Ni kama mtu aliyegombana na jirani juu ya maji ya kufulia, akaruka mjumbe, akaruka serikali ya mtaa, akaenda kugonga Mahakama ya Rufani. Ikapangwa 15 Juni. Ikasogezwa 25 Juni. Huku mtaani wimbo ni mmoja: hatuchezi, hatuchezi.

Mnawajua watu wa "mimi sili, nimeshiba" kwenye shughuli? Unamkaribisha anasema hapana dada, nimetoka kula. Unamwekea kidogo tu kwa heshima. Ukigeuka, sahani ya pili hiyo, anaulizia na ndizi. Ndivyo walivyotufanya. Walisema hawachezi, wakaja, wakala bao mbili, wakabeba na ubingwa.

Lakini tusiwacheke peke yao, kwa sababu na sisi Machi ndio tuliosema hatuchezi. Na wao Mei 8, mwaka 2021, mechi iliposogezwa kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, walifika kwa saa ya zamani, wakakaa, wakaondoka zao. Ikabidi irudiwe Julai, na siku hiyo walitufunga pia, naomba msinikumbushe. Kwa hiyo katika nchi hii tuna klabu mbili kubwa, moja ya 1935 na nyingine ya 1936, bibi na babu kabisa, na zote mbili zinasusa chakula. Humu kikundini mtu akichelewa nusu saa tunamtoza elfu mbili.

Jumatano mimi niliangalia kwenye kibanda umiza. Nyumbani luninga ipo, ila siku ya derby nyumbani hapafai, mke wangu ni Mwananchi, mtu wa Yanga. Mle ndani tulibanana, benchi la watu watano tumekaa wanane, joto, feni inazunguka inatuangalia tu. Mbele yangu kijana wa Simba alikuwa ameshika mshikaki, anautumia kuelekeza mchezo. "Toa pembeni! Pembeni!" Anauchomoa hewani kama kocha. Kipindi cha pili ikaja penalti. Pacôme wa Yanga akaweka mpira. Kibanda kizima kikanyamaza, nikasikia hata mafuta ya chipsi nje yanavyolia. Akafunga. Yule kijana mshikaki ukashuka taratibu, ukashuka, mpaka ukakaa juu ya goti la mtu mwingine, na mwenye goti hakusema kitu. Mwishoni Mzize akaongeza la pili. Hapo watu wa kwetu walianza kukumbuka kwamba wameacha maji bombani.

Pointi 82 kwa 78. Ubingwa wa 31. Wa nne mfululizo. Namba hizi nazijua kwa sababu Alhamisi nilizipanga mimi mwenyewe mezani, kwa mikono yangu, kijiwe juu, huku nimevaa fulana ya kijivu. Na mwezi mmoja kamili kabla, tarehe 25 Mei, tulikuwa tumetoka sare ya moja moja na Berkane pale Amaan, Kombe la Shirikisho la Afrika likaondoka kwenda Morocco kwa yale mabao mawili waliyotufunga kwao. Tarehe 25 mbili, miezi miwili. Sasa ikifika tarehe 25 Julai mimi nafunga meza, nakwenda kijijini.

Lakini nisikilizeni kilichotokea Alhamisi. Wa Yanga walikuja mapema, wananunua mawili mawili, moja la kusoma na moja la kubandika ukutani. Magazeti ya michezo yakaisha watoto hawajafika shule. Wetu walikuwa wanapita ng'ambo ya barabara, kule kwenye mtaro, wanaruka maji machafu ili wasipite mezani kwangu. Mmoja akajikaza akavuka. Miwani myeusi, asubuhi ile. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, nipe la siasa. Lolote. Nisome mambo ya maana." Nikamchagulia. Ukurasa wa mbele: Yanga. Nikambadilishia. Yanga. Nikamtolea la tatu, juu kuna bajeti, chini picha ya Pacôme. Akaniangalia kama mimi ndiye mhariri. Akaniambia, "Basi nipe chaji ya simu."

Ile bajeti yenyewe mnaikumbuka? Ilisomwa tarehe 12, shilingi trilioni 56.49. Siku ile nilijaribu kuiandika kwa tarakimu kwenye boksi, nione inafananaje. Andika 5649, halafu mwaga sufuri kumi. Boksi liliisha. Na aliyeisoma, Mheshimiwa Mwigulu Nchemba, ni Mwananchi wa kindakindaki, hafichi. Kwa hiyo mwezi huu mmoja hesabu za nchi na hesabu za ligi zote zimekwenda upande mmoja, sisi wengine tunabaki na stakabadhi.

Basi jana, Ijumaa, Rais amelihutubia Bunge kule Dodoma kwa ajili ya kulifunga. Litavunjwa rasmi tarehe 3 Agosti. Nimeona wengi wenu mmechekelea neno hilo, kwa kuwa na sisi leo tunavunja. Jamani, kunafanana jina tu. Sisi tukivunja, mama katibu anafungua daftari, kila mtu anasomewa mbele ya wenzake: fulani hisa zako hizi, mkopo wako huu, umerudisha hiki, umechelewa mara ngapi, faini hii. Unasomewa na mumeo anasikia. Nilikuwa nawaza, wabunge nao wangesomewa hivyo. Fulani, vikao ulivyohudhuria hivi. Maswali uliyouliza haya. Ahadi ya kivuko, hii hapa, tarehe uliyoitoa hii. Halafu anapewa chake kwenye bahasha, anakwenda kula pilau kwa amani au anakwenda kujificha na mafua.

Mimi redio iko mezani, Bunge nalisikiliza sana. Nimelipenda kwa jambo moja. Mheshimiwa anasimama, anasema barabara ya kwake haipitiki, daraja limeondoka na maji, zahanati haina dawa, walimu wawili shule nzima, tembo wamekula mahindi. Anazidi kupandisha sauti. Kengele inalia. Unafikiri sasa atasema huu mpango siutaki. Anasema, "Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Mia! Hata tembo wameshindwa kupunguza asilimia moja. Ningekuwa mimi ndiye hoja, ningeona haya.

Nilikuwa nawacheka kwa hilo mpaka Jumatano usiku, natoka kibandani. Tukatembea watu sita wa Msimbazi gizani. Kila mmoja anachambua. Kiungo hakabi. Beki anatembea. Usajili ulikuwa wa kubahatisha. Kocha kachelewa kubadilisha. Mimi mwenyewe niliongea kuanzia kibandani hadi kwa muuza mihogo, kwa hasira, kwa hoja, kwa namba za jezi. Tulipofika njia panda, tunaagana, nikasikia mdomo wangu unasema, "Haya wazee, Simba nguvu moja." Na wote wakaitikia. Kwa asilimia mia.

Kwa hiyo nimewasamehe wabunge. Kidogo.

Ila tofauti ipo, na hapa naomba niwe mkali dakika moja tu. Kibandani mle, hakuna aliyekuwa hajui nani kapoteza mpira uliozaa penalti. Wanajua amesajiliwa kutoka wapi, mkataba wake unaisha lini, msimu uliopita alifunga mangapi. Nikawauliza juzi hapo mezani vijana watano, wachambuzi wakubwa hao: diwani wetu anaitwa nani? Mmoja akanitajia wa mtaa wa pili. Mwingine akanitajia aliyekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Wa tatu akasema, "Diwani? Bado wapo?" Mimi mwenyewe nilikuwa nalijua jina kwa sababu lilipita kwenye gazeti nililofungia sabuni.

Na leo asubuhi, mnajua, chama tawala kimefungua pazia. Fomu za kugombea zinaanza kutolewa leo mpaka Julai 2. Watia nia wametoka. Nalipenda hili neno, mtia nia. Sisi kwetu Ramadhani unatia nia usiku, moyoni, hata aliyelala pembeni yako hasikii. Hawa wanatia nia na bodaboda ishirini na tarumbeta. Saa nne asubuhi kapita mmoja mezani kwangu, suti mpya, lebo iko mkononi bado haijatolewa. Miaka mitano namwona akipita na gari, kioo juu. Leo kashuka. Kanisalimia, "Shikamoo mzee wangu." Mimi na yeye tumezaliwa mwaka mmoja! Kaniuliza biashara inakwendaje, kaniuliza watoto, kainama kasoma vichwa vya habari vyote, kushoto, kati, kulia. Halafu akaondoka. Hakununua. Nikajisemea, huyu anafaa, ameshaanza kutumia rasilimali za umma.

Hii michakato ndiyo inayonivurugia safu za meza. Mwanasiasa akihama chama, gazeti linaandika "asajiliwa". Akinyimwa nafasi, "awekwa benchi". Marehemu mzee wetu Edward Lowassa alipotoka CCM kwenda Chadema Julai 2015, watu hapa kituoni walikuwa wanauliza kama ni mkopo au moja kwa moja. Machi 2019 akarudi nyumbani, wakasema, tuliwaambia, ulikuwa mkopo. Na mpira nao umejibu. Agosti 2021 Haji Manara, sauti ya Simba, mtu aliyekuwa akiisema Yanga mpaka redio inapata joto, akavuka akawa sauti ya Yanga. Sijawahi kuuza magazeti kama siku ile. Mchezaji akihama tunahuzunika, lakini msemaji! Maneno yote yale aliyowaambia wenzetu, sasa yanageuzwa yanaelekezwa kwetu, na anatujua nyumba hadi chumba.

Katikati ya wote hao kuna kiki, yaani vituko vya kutafuta kusemwa. Vijana wanafundisha wazee neno hili. Zamani ilikuwa mali ya wasanii: wapenzi wawili mastaa wanaachana Jumatatu, wanatukanana Jumanne, Ijumaa wimbo unatoka, wote wawili wameimba. Unagundua umelia machozi ya bure. Sasa kiki imehamia kila safu. Klabu inatangaza "mtu mzito anashuka uwanja wa ndege saa nane usiku", watu wanakwenda na ngoma, anashuka mtu mwembamba. Mwanasiasa anapanda daladala siku moja, wapiga picha wanne, konda anaambiwa asidai nauli. Mama yake mtoto wangu wa mwisho, naye Alhamisi alinipikia biriani, kuku mzima, nikafurahi mpaka nilipoona sahani zimepangwa moja ya njano, moja ya kijani. Kiki.

Hata Ikulu imeuelewa mchezo. Tangu Februari 2023 Rais alipoanza kutoa milioni tano kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, hilo bao lina jina lake, goli la Mama. Ni siasa hiyo? Ni mpira? Ni burudani? Mimi naliweka katikati ya meza, jiwe kubwa juu yake.

Zipo habari ambazo sizitungii utani, naomba mnielewe. Jumatano hiyohiyo sisi tukilia na penalti, kule Kenya watu waliingia barabarani kuandamana na wengine hawakurudi nyumbani. Na hapa kwetu kiongozi wa upinzani yuko rumande kwa kesi ya uhaini, mwaka wa uchaguzi. Hizo nazitandika, naweka kijiwe, nakaa kimya. Hata wanaoinama siku hizo wanainama taratibu.

Huyo anayekuja kule mwisho wa uchochoro ni nani? Bado? Ni muuza maji. Haya.

Basi niwape ratiba, maana katibu hakuniweka kwenye yake. Kesho Yanga wanacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB pale New Amaan, Zanzibar, na Singida Black Stars. Nimeshangaa kuona watu wengi wa Temeke wamegundua wana asili ya Singida. Mmoja kaniambia bibi yake mzaa bibi alipita kule na treni. Sawa, kabila halikataliwi.

Halafu Jumamosi tarehe 2 Agosti, mashindano ya Afrika ya CHAN yanafunguliwa hapa hapa Mkapa, sisi na Burkina Faso. Tumeyaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Na CHAN, kwa mama zangu msiojua, ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Maana yake nini? Maana yake wale wa Jumatano, wa kwetu na wa kwao, watavaa jezi moja. Mzize akifunga, itanibidi nishangilie. Nimeanza mazoezi chumbani, mlango umefungwa, nasema "Mzize" bila kukunja uso. Jana nilifika "Mzi". Na Jumapili yake, tarehe 3, Bunge linavunjwa. Jumamosi tunafungua, Jumapili tunavunja, Jumatatu mimi nipange nini mbele?

Sasa huyo siye muuza maji. Kofia imeshuka mpaka kwenye pua, jaketi na joto lote hili. Mpeni nafasi apite. Mpisheni, mashemeji, msimguse bega, ana mafua.

Karibu kaka, karibu. Hapana, hatukuwa tunakuzungumzia. Tulikuwa tunazungumzia bajeti. Ufunguo unao? Ulikuwa wapi? Kwenye mfuko wa jezi. Haya, jaketi lifunguliwe, jezi ionekane, si kitu, wengine humu tumevaa kijivu lakini ndani tunajuana.

Mama mweka hazina, kufuli ya tatu hiyo. Na kabla hajakaa, mkumbushe faini ya kuchelewa ni elfu mbili, kikapu kiko pale karibu na sufuria.